Usiipeleke ile barua kwanza

Austin, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam sana. Huku wazima, watoto wanakuamkia, mguu wa Baba Saidi sasa unakanyaga. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu niko jikoni, wali ukaungua. Eti unaandika barua ya kuacha kazi kwa sababu wakubwa wa televisheni yenu wanataka bendi zipige plebeki, yaani waigize tu juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, eti laivu inakula muda! Nimeumia kama niliyeambiwa ni mimi.

Yupo mzee mmoja wa mji huu, Terry Lickona. Alikuwa mtangazaji wa redio kule Poughkeepsie, New York, akahamia hapa mwaka 1974. Mwaka huohuo televisheni ya umma ya hapa ilimrekodi Willie Nelson kwa majaribio ya kipindi cha muziki cha Austin City Limits. Mwaka 1978 Lickona akakabidhiwa uprodyuza. Kipindi kilijulikana kwa kantri, muziki wa magitaa wa huku Texas, naye msimu wake wa kwanza tu akamleta Tom Waits, mwenye sauti ya mikwaruzo, asiye na kantri hata punje. Miaka zaidi ya 40 sasa yumo, na bendi zinapiga kweli, mbele ya watu.

Studio yao ilikuwa ghorofa ya sita, Chuo Kikuu cha Texas. Nyuma ya jukwaa waliweka mandhari ya mji na taa zake, watazamaji wakadhani ni nje! Mwaka 2011 wakahamia ukumbi wa watu 2,750. Nilibahatika kupata tiketi, za bure. Kabla ya kuanza, fundi alipiga magoti anagandisha nyaya kwa utepe, mmoja mmoja. Mpiga dramu akagonga dramu moja tu, du, du, du, mpaka mtu wa mitambo akainua kidole. Nikakukumbuka Magomeni, umelala kifudifudi chini ya jukwaa unatafuta waya unaonguruma.

Sasa linaloninyima usingizi. Mwaka huohuo 1978 ndio bendi yetu ya dansi, Mlimani Park, ilizaliwa Dar. Bara runinga tulingoja mpaka 1994. Sauti zao tunazo kwa kuwa Redio Tanzania waliziweka kwenye tepu. Lakini vile vidole kwenye solo, vile mpiga tumba anavyomkonyeza mwenzake kabla ya kuingia chemko, pale wimbo unapochangamka, picha za miaka ile nani anazo? Wewe leo kamera unazo, na wale wazee bado wapo. Plebeki itawaonyesha wakifunua midomo tu. Hilo silikubali, Zuhura, wala wewe hulikubali, ndiyo maana unalia.

Huku bendi hupiga onyesho zima, kisha wanakata cha kurusha hewani. Omba siku moja kwa mwezi. Vyombo vijaribiwe jana yake, urekodi onyesho zima, ukate vipindi viwili. Muda wanaoulilia si ndio huo umeokolewa?

Halafu Mama Rehema… basi, hilo nitakupigia.

Barua umeshaipeleka? Nani mwingine anajua? Mzee Chande vidole bado vinamtii? Na zile rekodi za mwaka jana umezihamisha, au bado zimo kwenye kabati lile linalovujiwa? Mama amesemaje? Nijibu hata kama ni usiku wa manane, simu naiweka kwenye mto.

Wako,
Mama Saidi