Tumbawe si jiwe

Mhariri,

Mwulize mtoto wa shule hapa Lamu sifa za viumbe hai, atazimimina bila kukwama: hula, hupumua, hutoa takamwili, hukua, huzaana, huhisi, huenda. Kisha mngoje wakati wa bamvua, maji yakipwa, umwonyeshe tumbawe na umwulize kama lile nalo liko hai. Usishangae akikwambia ni jiwe, kwa kuwa halitembei wala halina pua. Kosa si lake. Orodha amepewa, lakini maneno mawili yaliyomo, mwendo na kupumua, ameachiwa ayaelewe kama yanavyosemwa barazani.

Mwendo si kutembea. Ni msogeo wowote wa kiumbe, hata wa kiungo kimoja tu, unaotokana na nguvu zake mwenyewe. Jahazi huenda mbali, lakini nguvu ni za upepo. Kifaurongo hakibanduki kilipoota, na bado hukunja majani kikiguswa. Tumbawe nalo ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja ana mdomo uliozungukwa na minyiri. Mchana wengi hujikunja ndani ya vikombe vyao vya chokaa, usiku hunyoosha minyiri na kunasa vijidudu vinavyoelea majini. Wachanga wao huogelea kwanza, kisha hunata mahali pamoja na kukaa hapo maisha yao yote.

Neno kupumua ndilo linalovuruga zaidi. Kuvuta pumzi na kuishusha ni kazi ya mapafu, kama ilivyo ya matamvua kwa samaki. Upumuaji unaotajwa kwenye orodha hufanyika ndani ya seli: sukari huvunjwa, kwa kawaida kwa msaada wa oksijeni, nishati ikapatikana, na kaboni dayoksaidi na maji yakabaki. Mti hufanya hivyo usiku na mchana, mizizini pia. Ndiyo maana mchu na mlilana, miti ya mikokoni, husimamisha mizizi ya kupumulia juu ya tope, kwani tope la huko halina oksijeni ya kutosha. Mizizi hiyo ikifukiwa na mchanga au ikipakwa mafuta machafu ya injini, mti hukosa hewa na kufa ukiwa umesimama.

Jambo hili laweza kuonekana kwa macho darasani, tena kwa vitu vya dukani. Chukua kijiko kikubwa cha chokaa iliyozimwa, ukoroge katika lita moja ya maji, ufunike na uache hadi kesho yake. Mimina taratibu yale maji maangavu ya juu, uyatie kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri. Loweka choroko usiku mmoja, zichuje, uzifunge katika kitambaa kibichi kwa siku moja hadi zichipue. Chukua mitungi mitatu ya lita moja yenye vifuniko vinavyobana. Wa kwanza utie kikombe nusu cha choroko zilizochipua, wa pili kiasi hicho hicho cha choroko zilizochipua kisha zikachemshwa dakika 10 na kupozwa, wa tatu kokoto safi. Ndani ya kila mtungi simamisha kikombe kidogo chenye vijiko vitatu vya maji ya chokaa, ufunge. Baada ya saa moja au mbili, maji yaliyo pamoja na choroko hai yatakuwa na utando mweupe kama maziwa, kwani kaboni dayoksaidi hugeuza maji ya chokaa kuwa meupe. Mengine yatabaki maangavu, au yatafifia kidogo tu.

Yanayoharibu jaribio hili yanajulikana. Chokaa iliyokaa wazi kwa muda mrefu hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa aina ile ile ya mawe iliyochomwa kutengeneza chokaa, kwa hiyo haiyeyuki tena na maji yake hayaonyeshi kitu. Nunua iliyofungwa. Mtungi ukiachwa siku nzima, weupe waweza kupotea, maana gesi ikizidi huuyeyusha, na mwanafunzi akaandika kwamba hakuna kilichotokea. La tatu ndilo zuri kuliko yote: choroko zilizochemshwa zikilala kwa joto letu hili, kesho yake nazo hufanya maji kuwa meupe. Hazijafufuka. Bakteria wamezivamia, nao wanapumua. Mwalimu asilifiche hilo, alifanye somo. Na chokaa huunguza macho, watoto wasiichezee.

Kuna anayedai kwamba jiwe la tumbawe nalo hutoa gesi hiyo likidondoshewa ndimu. Ni kweli, litatoa povu. Lakini povu hukoma ndimu ikiisha nguvu, na jiwe lenyewe halikuanzisha chochote. Jiwe la ukuta wa Lamu lilijengwa na viumbe hai, sasa limekufa. Kokoto ya bara haikuwahi kuwa hai. Kwa hiyo mafungu ya kufundisha ni matatu, si mawili.

Takamwili nazo si kinyesi. Kinyesi kwa sehemu kubwa ni mabaki ya chakula yaliyopita tumboni bila kuingia kwenye seli. Takamwili ni mkojo, jasho, na ile kaboni dayoksaidi yenyewe. Lamba jani la mchu wakati wa kiangazi uonje chumvi ambayo mti umeitoa. Aina ya mti iitwayo hasa mkoko haina mtindo huo, yenyewe huichuja sehemu kubwa mizizini.

Kuhusu kukua, punje za chumvi kwenye mabwawa ya Gongoni nazo huongezeka ukubwa, ila kwa kubandikwa tabaka kutoka nje. Mifupa ya tumbawe pia huongezeka kwa tabaka, lakini tabaka hizo hutengenezwa na polipi wanaogawanyika na kuongezeka. Aina za mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Uzazi usitumiwe kumpima mmoja mmoja: nyumbu aliyezaliwa na punda na farasi kwa kawaida hazai, na hakuna anayesema hayuko hai, maana seli zake zinagawanyika kila siku.

Hili si la mtihani tu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka, yakiwemo ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, na mengi yakafa. Tumbawe lililopauka limefukuza mwani mdogo unaolilisha, lakini polipi bado wamo, wana njaa, na maji yakipoa mapema waweza kupona. Lililokufa hufunikwa na utando wa mwani wa kijani au kahawia. Nahodha asiyejua tofauti hiyo huona weupe akadhani ni mawe matupu, akatupa nanga. Afunge chombo kwenye boya, na pasipo na boya ashushe nanga penye mchanga. Mtalii anayepelekwa kuona samaki naye aambiwe kabla hajashuka kwamba hapo si mahali pa kukanyaga.

Mwalimu wa Biolojia,
Lamu