Ukinunua injini ya mtumba, dai namba yake kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongee na wenzangu wenye magari ya zamani, na zaidi na wafanyabiashara wanaotuuzia injini za mitumba. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Ilula, mkoani Iringa. Kazi yangu ni kufuata vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza Ilula na Iringa mjini. Kati ya Ruaha Mbuyuni na kwangu kuna mlima Kitonga, na yeyote aliyewahi kuupanda nyuma ya lori la Zambia atanielewa bila maelezo marefu.

Gari langu ni Toyota Corolla ya stesheni wagoni, toleo la AE100, nililonunua kwa mtu mwaka 2014. Lilikuja na injini ya 5A, cc 1498, gia za mkono. Limenisomeshea watoto wawili, kwa hiyo sitalisema vibaya. Lakini injini ilifika mwisho wake. Ilianza kula oili, lita moja kwa wiki, halafu nguvu ikapungua. Nikipakia magunia matatu, Kitonga naipanda kwa gia ya kwanza, vioo vimeshushwa na hita imefunguliwa hadi mwisho ili kupunguza joto la injini, huku jasho linanitiririka na macho hayatoki kwenye mshale wa joto. Mara mbili ilichemsha nikabaki kwenye kona na magunia yangu, malori yananipita kwa nafasi ya kiganja. Mara ya pili nilikuwa na mjukuu. Siku hiyo niliamua.

Watu waliniambia niuze ninunue jingine. Kwa hesabu zangu haikuwezekana. Gari la kuagiza lina ushuru wake, na likizidi umri linaongezewa tozo ya uchakavu, na haya tunayoweza kuyamudu sisi ndiyo yaliyozidi umri. Bodi ya langu haina kutu, chasisi nzima. Kilichokufa ni injini peke yake. Fundi wangu, kijana wa hapa Ilula ambaye namwamini kama mwanangu, alinieleza kwamba kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya kutanirudisha palepale, yaani cc 1498 ileile na Kitonga ileile. Akasema, "Mama, tukishaishusha, kwa nini tusipandishe 7A?"

Nitaeleza kwa nini lilikuwa wazo zuri, maana wengi hudanganywa hapa. Injini za 4A, 5A na 7A ni ndugu wa tumbo moja. Zinaungana na gia boksi kwa matundu yaleyale ya bolti, kwa hiyo gia boksi yangu ilibaki. 7A ina cc 1762, na ndiyo iliyofungwa kwenye Carina na Premio nyingi tunazoziona barabarani. Pistoni yake husafiri milimita 85.5 kutoka chini hadi juu, ile ya 5A husafiri 77 tu. Fundi alinionyesha kwa spana: ukichomeka bomba kwenye mkono wa spana ukaurefusha, nati iliyokugomea inalegea kwa nguvu zilezile za mkono wako. Ndivyo 7A inavyovuta ikiwa bado mizunguko iko chini, na anayepanda mlima na mzigo hahitaji kitu kingine. Mbio sizitafuti.

Undugu huo una mipaka yake. Kwa sababu pistoni inasafiri zaidi, bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu. Beliti ya taimingi ya 5A haifai, lazima ununue ya 7A. Bomba la ekzosi lilibidi likatwe na kuchomelewa upya, na mipira miwili ya maji ikabadilishwa. Pia kuna 7A iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kubana mafuta, inayochoma hewa nyingi na petroli kidogo. Hiyo ina kontroli boksi yake, yaani kompyuta ya injini, na sensa yake, ukiifunga kwa kontroli boksi ya gari lako la zamani itakutesa mpaka uichukie. Kwa hiyo dai injini ije na kontroli boksi yake na wayaringi yake. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu mama," ondoka, nenda duka la pili.

Nilikuwa na shilingi 2,000,000, fedha za kikoba tulizogawana mwisho wa mwaka. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikaenda Gerezani, Kariakoo. Kwa asiyepajua, pale injini zimepangwa kama vitunguu sokoni, nyingine zimetoka Japani moja kwa moja, nyingine zimepitia Dubai na Sharjah. Nilitembea siku mbili. Fundi alikuwa amenifundisha cha kutazama: nifungue kifuniko cha oili nione kama ndani kuna uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, nichomoe plagi niangalie rangi yake, nidai kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ipimwe silinda zote nne, na nitafute namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku. Inaanza na 7A halafu tarakimu zake.

Duka la kwanza injini ilikuwa safi na bei ndogo, lakini mahali pa namba pamekwanguliwa kwa gurudumu la kusagia chuma. Panang'aa. Nilipouliza, kijana mmoja alinivuta pembeni. "Mama usihangaike, tunakugongea namba ya injini yako ya zamani hapohapo, shilingi 20,000, hakuna atakayejua." Nilitoka pale moyo unanidunda. Nani ajuaye injini ile ilitoka kwenye gari la nani, na huyo mtu yuko wapi leo?

Duka jingine nilipata yenye namba inayosomeka, kompresheni iko sawa silinda zote, kontroli boksi na wayaringi vipo. Tukaelewana 1,250,000. Nikapewa risiti ya mkono imeandikwa "Injini 1" na kiasi cha fedha, basi. Niliomba waandike namba. Wakasema si utaratibu wao. Nilikuwa nimechoka na basi langu ni alfajiri, nikakunja karatasi nikaitia kwenye kanga. Kosa langu la kwanza ni hilo.

Sasa msikilize hesabu, ndugu zangu mnaosema "nina milioni moja na nusu, nabadilisha injini." Lori kuniletea hadi Ilula, 60,000. Makenika 250,000 na fundi umeme 150,000, na huyo wa umeme alifanya kazi siku nne akiunganisha waya mmoja mmoja, simlalamikii. Klachi pleti na presha pleti 130,000. Beliti, sili zote na pampu ya maji 140,000, na vitu hivi vibadilishwe injini ikiwa chini, maana ikishapanda kuvifikia ni kazi nyingine. Mauntingi, yaani vishikio vya injini, 80,000. Rejeta kubwa zaidi 160,000, kwa sababu rejeta ya zamani ilikuwa imejaa chokaa na ndiyo iliyochangia kuniulia 5A. Ekzosi 45,000. Oili, chujio, kulanti na mipira, 110,000. Halafu breki, 190,000: diski mpya mbele, pedi, na viatu vya nyuma. Fundi alikataa kuniwashia gari bila breki, akasema hatafunga injini kubwa kwenye gari linalosimama kwa sala. Jumla 2,565,000. Injini yenyewe haikufika nusu. Hizo 565,000 za ziada nilikopa kwa dada yangu na nililipa kwa miezi mitano.

Na bado sijataja kadi.

Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na ukubwa wake. Yangu ilisema 5A na 1498. Nilijua inapaswa kubadilishwa. Lakini ulikuwa msimu wa vitunguu, fedha zimekwisha, na fundi yuleyule mzuri akaniambia, "Mama, nani atafungua boneti asome namba?" Wengine wakaniambia tangu ada ya mwaka ya leseni ya barabara ifutwe mwaka 2017, cc hazina maana tena. Si kweli. Ada ile ndiyo iliyokuwa inapanda ukivuka cc 1500, lakini kadi ni utambulisho wa gari, ada iwepo au isiwepo. Niliendesha miezi minane. Kitonga nikawa naipanda kwa gia ya pili na ya tatu, hita imezimwa, mshale wa joto umetulia katikati. Niliimba peke yangu garini, nakiri.

Mwezi wa tisa kulikuwa na msako wa magari ya wizi. Askari mmoja alifungua boneti. Alisoma namba, akasoma kadi, akanitazama. Hakunitukana wala hakuomba kitu, alifanya kazi yake. Gari likazuiwa kituoni. Akaniuliza swali moja: "Mama, injini hii umeipata wapi, na karatasi yake iko wapi?" Nikatoa risiti yangu. "Injini 1." Injini ipi? Karatasi ile ingeweza kuwa ya injini yoyote Tanzania.

Gari lilikaa kituoni siku sita na magunia matatu ndani, juani. Vitunguu vikapata joto, vikaanza kuota na kuoza, niliviuza kwa bei ya kutupa. Nilirudi Dar es Salaam kwa basi. Muuzaji alinikumbuka, ila alisema hana kumbukumbu za maandishi. Nilikaa kwenye benchi la duka lake kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni. Ndipo mzee mmoja wa duka la jirani alipomwambia, "Mwandikie mama huyu, ana umri wa mama yako." Akaandika barua yenye namba ya injini, tarehe na muhuri. Dakika kumi! Kwa barua ile gari likakaguliwa, likaonekana halina tatizo, likaachiwa. Karatasi nikapeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, na kadi mpya ninayo, 7A, cc 1762. Mtu wa bima naye nilimpelekea nakala, akaniambia ningepata ajali kabla ya hapo angekuwa na maswali mengi kabla ya kulipa.

Ndugu Mhariri, mimi nilichelewesha kadi na gharama yake nimeilipa. Lakini barua hii nimeiandika kwa sababu ya zile dakika kumi. Mwenye duka anayejua injini yake ni halali anapoteza nini akiandika namba kwenye risiti siku ya mauzo? Mnunuzi akiwa na namba hiyo, anabadilisha kadi wiki ileile. Asipokuwa nayo, anaahirisha kama nilivyofanya, au anakubali kugongewa namba ya uongo kwa 20,000 na kuendesha gari ambalo hawezi kulitetea mbele ya askari yeyote. Na yule anayeuza injini za wizi anajificha humohumo, katikati ya wauzaji waaminifu, kwa kuwa risiti zao zote zinafanana.

Mafundi nao nawaomba wakatae kufunga injini yenye namba iliyokwanguliwa, kama wangu alivyokataa kuniachia gari bila breki. Sasa gerejini kwake injini ikishuka kwenye gari, kabla hajashika spana anapiga picha namba kwa simu na kumtumia mteja. Ameanza mwenyewe, baada ya yaliyonikuta.

Kwa mama mwenzangu anayekusanya fedha za kikoba kwa ajili ya kazi kama hii: usilipe kabla risiti haijaandikwa namba, hata kama basi lako linaondoka. Lala Dar siku moja zaidi. Chumba cha kulala wageni nilichopanga Kariakoo kilikuwa 25,000, na magunia yangu matatu yalipotea kwa kuikwepa hiyo 25,000.

Wauzaji wa Gerezani, najua gazeti hili mnalisoma, nimeliona kwenye meza zenu. Nijibuni katika ukurasa huuhuu.

Wenu,
Mama muuza vitunguu,
Ilula, Iringa.