Mpango wa uuguzi usiopimika haumsaidii mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie makala zinazowaorodheshea wanafunzi maneno ya msingi ya uuguzi. Fasili zake kwa kawaida ni sahihi. Lakini mwanafunzi anaweza kuzikariri zote, akafaulu mtihani, na bado akaandika mpango wa uuguzi ambao mwenzake wa zamu inayofuata hawezi kuutumia.

Mchakato wa uuguzi, ambao mwananadharia wa uuguzi wa Marekani, Ida Jean Orlando, aliuelezea mwaka 1961, leo hufundishwa kwa hatua 5: kukusanya taarifa, utambuzi wa kiuguzi, kupanga, kutekeleza na kutathmini. Hatua ya pili ndiyo inayowaponza wengi. Mgonjwa amelazwa kwa nimonia, na kwenye nafasi ya utambuzi wa kiuguzi mwanafunzi anaandika "nimonia". Huo ni utambuzi wa daktari. Wa muuguzi hueleza jinsi ugonjwa ulivyomwathiri mgonjwa, pale ambapo muuguzi mwenyewe ana uwezo wa kufanya kitu, na una sehemu 3: tatizo, chanzo, ushahidi. Kwa mgonjwa huyu ungesomeka hivi: "Kushindwa kusafisha njia ya hewa kutokana na makohozi mazito na kikohozi dhaifu, anapumua mara 30 kwa dakika, oksijeni ya damu asilimia 90, makohozi yanasikika kifuani."

Chanzo ndicho kinachozaa kazi. Makohozi mazito yanahitaji maji ya kunywa ya kutosha, isipokuwa kama moyo au figo zimeshindwa. Kikohozi dhaifu kinahitaji kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, kisha mgonjwa aelekezwe kuvuta pumzi ndefu, kuizuia sekunde chache na kukohoa kwa nguvu, akikumbatia mto kifuani ikiwa anaumia. Aliyeandika "nimonia" hana pa kuanzia, ndiyo maana mpango wake huishia kwenye "apewe dawa kama alivyoandikiwa".

Tatizo ambalo bado halijatokea, kwa mfano kidonda cha mgandamizo kwa asiyeweza kujigeuza, huandikwa kwa sehemu 2 tu: hatari na kinachoileta. Ukiweka ushahidi hapo, umesema kidonda tayari kipo.

Lengo nalo huharibika kwa urahisi. "Mgonjwa apumue vizuri" halipimiki. "Kumgeuza kila baada ya saa 2" si lengo, ni kazi ya muuguzi. Lengo humhusu mgonjwa, likiwa na kipimo na muda: ndani ya saa 24 atapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, oksijeni asilimia 94 au zaidi, na atatoa makohozi mwenyewe. Hata tarakimu hizi si za kunakili kwa kila mtu. Kwa mgonjwa wa muda mrefu wa mapafu anayelimbikiza kabonidayoksaidi mwilini, kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni asilimia 88 hadi 92, na kumwongezea oksijeni kupita hapo kunaweza kumdhuru.

Yote hayo ni bure ikiwa kipimo chenyewe ni cha kubuni. Ukiona chati za wodi nzima zina upumuaji wa 20, hakuna aliyehesabu. Hesabu dakika nzima: ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, pumzi moja uliyoikosa inakuwa 4. Usimwambie mgonjwa kuwa unahesabu, kwa sababu atabadilisha upumuaji bila kukusudia. Acha vidole vyako kwenye mkono wake kana kwamba bado unapima mapigo. Oksimita, kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, nayo hudanganywa na vidole vya baridi na rangi ya kucha, na kwa ngozi nyeusi inaweza kusoma juu kuliko hali halisi.

Hatua ya mwisho hupewa maneno mawili, "mpango uendelee", ambayo hayasemi lolote. Tathmini hurudi kwenye lengo na kusema limefikiwa, limefikiwa kwa sehemu, au halikufikiwa, na kwa nini. Kama bado anapumua mara 28, je, maji hayakunywewa, au chanzo tulikikosea?

Ombi langu kwa waandishi wa makala hizo: chini ya kila fasili wekeni mstari mmoja wa fomu ya mpango wa uuguzi uliojazwa vizuri, na mwingine uliojazwa vibaya ili mwanafunzi ausahihishe.

Mkufunzi wa uuguzi