Msiuze mashine za santuri kwa kilo

Mhariri,

Wenye santuri za zamani wanazihamishia nyimbo kwenye flashi na simu, na hilo ni jambo jema. Kinachotusikitisha sisi mafundi ni kwamba kazi hiyo hufanywa kwa mashine isiyotengenezwa, kisha mashine yenyewe inaishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nakala haiwezi kuwa safi kuliko mashine iliyoisoma santuri. Sindano iliyolika haiharibu nakala peke yake. Inachonga mifereji ya santuri, na hapo hakuna kompyuta itakayorudisha kilichokwanguliwa.

Magharibi mwa Kenya tuna mali kubwa katika masanduku. Benga, muziki wa gitaa wa Waluo, ilienea kwa santuri ndogo za inchi 7 za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika. Kampuni ya Chandarana ilitoa santuri kutoka Kericho, naye Phares Oluoch Kanindo alisambaza za wanamuziki wa Nyanza. Wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, na gitaa huchemka hasa katika sehemu ya pili. Anayenakili upande mmoja ameacha nusu ya wimbo.

Tuanze na kasi, kwa sababu ndiko makosa mengi yaliko. Mashine za mitumba zinazotoka Marekani zilitengenezewa umeme wa volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 240 na hezi 50. Watu hununua transfoma ya kushusha volti wakidhani wamemaliza, lakini transfoma haigusi hezi. Ikiwa mota ni ile inayofuata hezi za umeme, santuri ya 33⅓ itazunguka takriban mara 27.8 kwa dakika, na mwimbaji atasikika kama mgonjwa. Dawa yake ni pulei (gurudumu dogo la mota linalovuta belti) ya hezi 50, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20. Fundi wa lathi anaweza kuichonga kwa shaba. Mota za umeme wa betri na zile zinazodhibitiwa kwa kwatzi hazina tatizo hili. Kupima ni rahisi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayobeba santuri, uhesabu. Kwa 33⅓ lazima upate mizunguko 100 katika dakika 3. Kwa 45, mizunguko 45 katika dakika moja. Pima santuri ikiwa inacheza, sindano ikiwa juu yake, kwa maana belti iliyolegea huteleza ikipata mzigo.

Belti ikilegea usiichemshe wala kuikata na kuiunga kwa gundi. Kiungo kitapita kwenye pulei kila mzunguko na utasikia sauti ikiyumba. Tafuta belti ya mzingo sahihi, safisha pulei kwa alkoholi, kisha tia matone mawili ya mafuta ya cherehani kwenye ekseli ya sahani. Mafuta yasifike kwenye belti.

Sasa mkono unaobeba sindano. Kuna tabia ya kuweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Tafadhali acheni. Sarafu inaongeza gramu kadhaa, ilhali katriji (kifaa kinachoshika sindano) nyingi za sumaku zinataka gramu 1.5 hadi 3 tu. Sindano inaruka kwa sababu mashine imeinama, au mkono umekaza, au ncha imekwisha. Weka pimamaji juu ya sahani kwanza. Halafu zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawa bila kupanda wala kushuka, rudisha gurudumu la namba kwenye sifuri, kisha uongeze hadi gramu zilizoandikwa na mtengenezaji wa katriji. Mizani ndogo ya sonara itathibitisha. Katriji za kauri za redio-gramu huhitaji uzito zaidi, mara nyingi gramu 4 hadi 6.

Ncha ya yakuti hudumu saa chache sana, kama 50. Ya almasi hufika 500 na zaidi ikitunzwa. Santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika zina mifereji mipana, karibu mara tatu ya ile ya LP (santuri kubwa za 33⅓), kwa hiyo sindano ya kawaida inaogelea chini ya mfereji na kuokota takataka. Zina sindano yao maalumu.

Sauti ikiwa nyembamba, haina besi na iko chini, basi katriji ya sumaku imechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la amplifaya. Inatoa milivolti 3 hadi 5 tu, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri; lazima ipitie kikuza sauti cha awali cha santuri (phono). Mngurumo usiokoma ni waya wa ardhi ulioachwa ukining'inia. Spika moja ikinyamaza, kagua nyaya nne za kichwani: nyeupe na buluu ni za kushoto, nyekundu na kijani za kulia.

Kuosha: sehemu moja ya alkoholi ya isopropili kwa sehemu nne za maji yaliyokenekwa, na tone la sabuni ya vyombo. Spiriti ya dukani huweza kuwa na mafuta au rangi. Santuri za 78 zisiguswe na alkoholi kabisa, inaziyeyusha. Zote zihifadhiwe zikiwa wima, mbali na jua na mbali na bati. Joto la mchana la Kisumu ndani ya gari lililofungwa linatosha kuzikunja.

Ukinakili, rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 katika WAV, faili la sauti lisilobanwa. Dakika moja inachukua takriban megabaiti 35, hivyo flashi ya gigabaiti 32 inabeba saa 15. Kama santuri ni ya mono (sauti moja kwa spika zote), changanya njia zote mbili kuwa moja na mikwaruzo itapungua. Weka nakala moja ambayo haijasafishwa kwa programu yoyote.

Ombi letu kwa kaunti za Kisumu na Nakuru, na kwa vyuo vya ufundi, ni dogo. Katika maktaba ya umma kuwe na chumba kimoja ambapo mwananchi anaweza kuleta santuri na kuondoka na nakala nzuri pamoja na santuri yake. Inahitajika mashine moja iliyopimwa, sindano ya LP na ya 78, kipande cha kuziba tundu la milimita 38 la santuri za 45, mizani, kompyuta, na mwanafunzi wa umeme aliyefundishwa haya tuliyoandika.

Mafundi wa vyombo vya sauti,
Kisumu