Kabla ya kuweka sumu, angalia kwanza nani anakula kuku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wafugaji wenzangu wa Mombasa, hasa sisi wa kuku wa kienyeji kumi kumi huko nyuma ya nyumba. Mwezi uliopita hapa Mtopanga jirani yangu alipoteza kuku wawili usiku, akasema ni mapaka tu hayo, akatia sumu kwa vipande vya nyama akaviweka kando ya ukuta. Kulipokucha paka wa nyumba ya tatu amekufa, mbwa wa mlinzi naye amekufa, na watoto wetu wanacheza papo hapo. Usiku wa pili kuku wakauawa tena, safari hii wangu, watano kwa mpigo. Nililia Mhariri, manake wale kuku ndio ada ya shule.

Lakini sikuwatupa. Nilikaa chini nikawaangalia mmoja mmoja nikaona aliyeliwa ni mmoja tu, kichwa na kifua, wale wengine wameng'atwa shingo wakaachwa. Mlango umefungwa, komeo liko vile vile. Kuangalia juu, makuti yamesukumwa pembeni, tundu lenyewe halipiti ngumi yangu. Mzee mmoja wa hapa akaniambia huyo si paka, huyo ni kanu, yule mnyama mwembamba wa madoa mwenye mkia mrefu wa pete pete, anatembea usiku juu ya miti na mapaa, na akipenyeza kichwa basi mwili mzima umeingia. Sasa paka wa watu amekufa kwa kosa gani?

Alama zipo jamani, tuzisome. Mayai yakipotea bila hata ganda, fikiria kenge au nyoka, hao wanameza zima zima. Ukikuta maganda yamevunjwa na ni mchana, huenda ni nguchiro. Mbwa koko atararua kuku na manyoya yajae uwanja mzima na pengine asile hata mmoja. Kifaranga akitoweka mchana kweupe bila tone la damu, tazama juu, ni mwewe au kunguru.

Na hawa kunguru ndio wamenichosha kabisa. Si ndege wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakasambaa Pwani yote, wanachukua vifaranga mbele ya macho yako na wanaharibu viota vya ndege wetu wengine. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1. Ile ni kazi ya wataalamu na sumu yenye kibali, isiwe sababu ya kila mtu kuweka yake uani. Tena wanyama kama kanu wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, huwezi tu kujiamulia kuwaua.

Mimi nilichofanya ni banda. Makuti nimetoa nikaweka mabati, na kila uwazi kati ya ukuta na paa nimeziba kwa waya ya matundu ya nusu inchi. Ile waya ya kuku ya matundu makubwa tunayonunua sote inazuia kuku wasitoke tu, panya anapita, nyoka anapita, na mbwa akiamua anaipasua. Chini ile waya ya nusu inchi nimeichimbia futi 1 manake nguchiro na mbwa wanafukua. Kwa vifaranga mchana niliomba nyavu kuukuu kwa wavuvi nikatandika juu ya uwanja wao, kunguru anatua juu anachungulia halafu anaenda zake. Mayai naokota asubuhi na jioni, na kabla ya adhana ya magharibi kuku wote wako ndani nimewahesabu. Gharama ipo sikatai, mabati tu yalinimaliza, lakini ni chini ya bei ya kuku watano.

Ombi langu ni kwa maafisa wa mifugo wa kaunti, waje kwenye mabaraza ya mitaa watuonyeshe hizi alama na aina ya waya inayofaa, manake wengi tunabahatisha. Na jirani zangu mlio na ile sumu bado stoo, tafadhali msiiweke tena nje. Yule mwenye paka ana mtoto wa miaka minne, na mpaka leo anamwita paka wake kila jioni.

Mama mfugaji,
Mtopanga, Mombasa