Mama asiondoke kwanza

DeKalb, Illinois

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Kimya changu tutakigombania siku nyingine. Umeniambia mama anakwenda kwa Rehema Mwanza "miezi kadhaa", na shamba la Muheza linabaki bila mtu. Bila mtu kabisa? Na machungwa yale?

Jumamosi niliwapeleka wanangu kuvua samaki ziwa la Shabbona, si mbali na hapa. Hatukupata hata kidagaa, ila mahindi tuliyaona, yamefika hadi ukingo wa barabara pande zote. Shabbona ni jina la chifu wa Wapotawatomi, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka 1829 serikali ya Marekani ilimwandikia ekari 1,280 kwenye mkataba. Maandishi, shoga, na sahihi! Tena mzee aliwafaa walowezi: vita vya Black Hawk, kiongozi wa wenyeji aliyepigana na Wazungu, vilipozuka mwaka 1832 alipanda farasi kwenda kuwaonya wakimbie.

Basi, kwenye mwaka 1849 hivi akaenda Kansas kuwaona jamaa zake waliohamishiwa huko. Kurudi, shamba limeshapigwa mnada. Eti kalitelekeza! Kwenda kuwaona ndugu tu. Wazungu waliomkumbuka wakamchangia, wakamnunulia ekari 20. Akafa mwaka 1859. Sasa kijiji kina jina lake, ziwa lina jina lake, kila kibao Shabbona, Shabbona. Shamba ndilo likaenda.

Wapotawatomi wa tawi la Prairie Band, walioko Kansas, wakaja kununua ekari 130 kwa hela zao, ndani ya ardhi yao wenyewe! Mwaka 2024 ndipo serikali ikazitambua rasmi kuwa eneo lao, na mwaka uliofuata jimbo likapitisha sheria ya kuwapa na hifadhi ya ziwa. Hesabu: miaka 175. Mimi na wewe magoti yanauma sasa hivi.

Najua utasema nakuza mambo, Muheza si Illinois. Lakini neno "kalitelekeza" limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Hebu niambie, hati iko wapi? Bado ina jina la marehemu baba? Yule jirani yenu bado anasogeza mpaka kila masika? Bakari si yupo tu, kwa nini asilale pale, hata chumba cha uani? Na mama anaondoka lini hasa? Nijibu kabla hajakata tiketi.

Wako,
Mwanahamisi

Kanga zangu usimpe mtu.