Kwa wazazi ambao watoto wao wameanza kupanda farasi

Wanangu,

Hamjambo? Nawaona mnavyosimama kwenye uzio na roho mkononi. Farasi mkubwa hufika kilo 500, na mtoto wenu pengine hajafika 30. Hofu hiyo ni haki yenu, na sitawadanganya kwamba farasi hana hatari. Anayo, ila inajulikana inakotokea, na sehemu kubwa mnaweza kuikagua kwa mikono yenu.

Anzeni na kichwa, maana jeraha la kichwa ndilo zito kuliko yote. Helmeti ya bodaboda haifai. Ni nzito na humlemea mtoto shingoni. Ile ya farasi ikae sawasawa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi. Fungeni mkanda, mtoto atikise kichwa: ikizunguka, ni kubwa. Ikishapigwa chini kwa nguvu, tafuteni nyingine hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likibonyea halirudi. Wala msiiache ndani ya gari juani. Joto la Dar huiharibu.

Miguuni, raba na ndala zibaki nyumbani. Kiatu kiwe na kisigino cha kama sentimita 2 na soli isiyo na meno. Kisigino ndicho kinachozuia mguu usizame wote kwenye kikuku, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko. Mtoto akianguka mguu ukiwa huru, huanguka mara moja basi. Ukinasa, huburutwa, na farasi akihisi kitu kinamburuzikia ubavuni huzidi kukimbia. Hilo linanitisha kuliko kimo cha farasi. Ulizeni kama vikuku vya watoto ni vile vyenye mpira wa pembeni unaofyatuka.

Mtazameni pia saisi, yaani mtunza farasi, anapofunga mshipi wa tandiko. Farasi wengi hutunisha kifua wakati huo, kisha wakitembea kidogo wanalegea, na mshipi nao unalegea. Tandiko likizunguka, mtoto anakwenda nalo. Kwa hiyo mshipi hukazwa, farasi hutembezwa, hukazwa tena kabla ya kupanda. Msipoona mara ya pili, ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni.

Ajali nyingine humpata mtoto akiwa bado chini. Macho ya farasi yako pembeni. Nyuma yake kabisa haoni, na mbele ya paji la uso haoni. Mtoto amwendee upande wa bega la kushoto huku akimsemesha. Kamba asiizungushe mkononi hata kidogo, maana farasi akishtuka, vidole vinavunjika. Masikio yakilazwa nyuma, asogee mbali.

Nanyi mlio uzioni, mwavuli unaofunguliwa ghafla au kanga inayopepea kwa upepo wa bahari inatosha kumshtua. Mama akipiga yowe mtoto anapoyumba, farasi ndiye wa kwanza kuitikia. Nyamazeni, mwalimu yupo.

Siku za mwanzo ziwe ndani ya uwanja wenye uzio, farasi akishikwa kamba, mwendo wa kutembea tu. Mwendo wa matiti, yaani mbio ndogondogo, usubiri mpaka mtoto akae bila kuning'inia kwenye hatamu, na shoti, yaani mbio za kasi, bado sana. Nusu saa inamtosha, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Farasi wa kupigia picha ufukweni, bila helmeti wala uzio, msimpandishe mtoto.

Hakikisheni chanjo ya pepopunda haijapitwa na muda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi ya farasi.

Akianguka, msimnyanyue haraka. Akilalamika shingo au mgongo, asisogezwe mpaka wahudumu wafike. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akirudia swali lilelile au kichwa kikizidi kumuuma, hata usiku wake, mpelekeni hospitali bila kungoja kuche. Hata akiwa mzima, akishagonga kichwa asipande tena siku hiyo, alie asilie.

Jumamosi hii fikeni nusu saa mapema, mwone mshipi ukifungwa.

Mzee wenu,
Dar es Salaam